Tairi Mkononi, Meno Kwenye Treni

Juzi nikiaga kazi, vijana wa pikipiki walininunulia soda wakaniuliza swali moja tu: zamani, kabla ya simu ya kukuonyesha njia, mlikuwa mnafikaje? Nikawaambia tulikuwa tunafika tumechelewa. Wakacheka, wakafikiri ni mzaha. Basi wacha niwaandikie, kwa sababu hilo ndilo jambo la kweli kabisa nililowahi kusema pale ofisini.

Mimi ni Barasa. Shule nilifika darasa la sita na nusu. Hiyo nusu ni muhula mmoja wa darasa la saba, na mwingi wake niliusomea nje ya dirisha, kwa sababu nikiwa ndani nilikuwa nachekesha wenzangu. Mwalimu alisema mdomo wangu utanitafutia shida. Alikuwa mtu wa kuona mbali.

Miaka ya tisini ikianza nilikuwa nakaa Mukuru kwa Reuben na binamu yangu. Kila asubuhi tulikuwa tunasimama kwa mageti ya Industrial Area tukingoja mtu atoke aseme anataka watu wa kibarua. Siku moja geti dogo likafunguka, akatoka mama amevaa koti jeupe. Akauliza nani anajua kuendesha baiskeli. Mikono ikaenda juu yote. Yangu ilienda miwili. Angeuliza nani anajua kuendesha ndege, mikono ingekuwa ni ile ile.

Sasa, baiskeli nilikuwa nimepanda sana huko nyumbani, lakini nyuma, kwa keria, nikibebwa kama gunia. Huyo mama, tuliyemwita Madam, alinipa baiskeli, Black Mamba nzito kama ng'ombe, na mkebe mdogo niupeleke kwa daktari wa meno Buruburu. Nikaisukuma mpaka nikapita kona. Nikaendelea kuisukuma mpaka Buruburu. Nikaisukuma tena kurudi. Madam akaniambia wewe ni kijana mwangalifu, wengine huingia hapa mbio utafikiri wanafukuzwa. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Aliyenishika ni Kilonzo. Huyu alikuwa mtu wa Machakos, umri wa baba yangu, goti moja bovu. Alikuwa amechonga twiga na vifaru vya mbao miaka mingi, halafu akawa mpelekaji wa kwanza wa pale kwetu, goti likakataa, sasa alikuwa amekaa kwa meza anachonga meno ya nta. Alisema twiga na meno ya mtu ni kazi moja, tofauti ni kwamba twiga halalamiki. Jioni hiyo alipitisha kidole kwa kiti cha baiskeli, akaniangalia.

"Barasa, hii vumbi ya kiti imetoka asubuhi na imerudi jioni. Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Hakunisema kwa Madam. Alinipeleka nyuma ya godauni, akanishikia keria siku tatu, huku akichechemea na kunitukana kwa Kikamba. Siku ya nne nilianguka mwenyewe bila msaada, akasema sasa umejua.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Madaktari wa meno wa Eastlands walikuwa wanachukua umbo la mdomo wa mtu kwa plasta, sisi tunaleta kwa karakana, meno yanatengenezwa, tunarudisha. Meno yalisafiri kwa mkebe wa majani chai, yamelazwa kwa pamba, mkebe umefungwa kwa keria na kipande cha tyubu. Mfukoni nilikuwa na spana moja, viraka, na chupa ya soluushoni, ile gundi ya viraka, ambayo lazima uifiche, maana kuna watu waliitaka kwa kazi nyingine, ya kunusa. Breki haikuwepo. Breki ilikuwa kiatu, na ndiyo sababu kiatu changu cha kulia kila wakati kilikuwa kinazeeka mbele ya ndugu yake.

Kilonzo hakuniruhusu kugusa Jogoo Road. Alisema hiyo ni ya mabasi, na basi halina habari na meno ya mtu. Alinionyesha vijia. Unapita nyuma ya magodauni, unavuka mto kwa ubao kule Mukuru, unaambaa na ukuta wa reli, unaingia Makongeni katikati ya kamba za nguo, unainamisha kichwa usitoke na shuka ya mtu, unatokea Jericho. Ukisikia harufu ya mkate, kata kushoto. Ukisikia sabuni, umeshapita, rudi. Mpaka leo nikiwa na mafua siwezi kufika Buruburu.

Shida ilikuwa mvua. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikuwa unajaa kwa madigadi, yale mabati ya juu ya tairi, mpaka tairi inasimama, unabaki unabeba baiskeli badala ya kubebwa. Kwa hiyo masika tulipanda treni ya abiria pale Makadara. Na hapo Kilonzo alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: toa tairi ya mbele kabla gadi wa treni hajakuona. Baiskeli nzima atakwambia hairuhusiwi. Baiskeli isiyo na tairi ni mzigo, na mzigo unaingia behewa la nyuma pamoja na viazi na kuku. Tairi unaingia nayo wewe kwa abiria, ili mtu asije akaruka na baiskeli yako huko nyuma akaendesha. Sheria ya pili: mkebe wa meno haulali kwa behewa la mizigo. Tairi mkono huu, mkebe mkono huu.

Nilizishika hizo sheria zaidi ya mwaka. Wacha sasa niwaambie ile siku nilishika moja.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kariobangi, tumwite Mama Nduku, mjane, mshonaji wa yunifomu za shule pale karibu na soko. Alikuwa na meno ya kutengenezwa, juu na chini, na wakati anayaosha yakamponyoka yakapasukia kwa sementi. Daktari alimwambia mapya yatatoka Jumamosi. Alhamisi akaja mwenyewe mpaka kwetu, amejifunika mdomo na leso, akaniambia yeye hataki yapitie kwa daktari, anataka yaletwe mkononi mwake Jumamosi kabla ya saa tisa.

Nikamuuliza, kwa ule mdomo wangu, kwani mama kuna nyama gani hiyo haiwezi kungoja Jumatatu?

Hakucheka. Alishusha leso kidogo. Akaniambia Jumamosi saa tisa wazazi wa kijana anayependana na binti yake wanakuja na mbuzi. Yeye hakuwa na neno na kijana. Lakini Nduku alikuwa katikati ya masomo ya unesi, na hao watu walitaka akishaolewa aache, ahamie kwao. Na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye tangu mazishi hakuwa amekanyaga pale kwake, alikuwa amejitokeza ghafla kuwa msemaji wa familia, na alikuwa ameshawakubalia kila kitu kwa barua.

"Mimi nisipokuwa na meno sitaongea mbele ya wageni, kijana," akasema. "Nitapuliza tu kama kibuyu. Ataniongelea yeye. Na akiniongelea, mtoto wangu shule imeisha."

Nikamwambia mama, meno yako yatafika hata kama nitayavaa mimi njiani. Hapo akacheka, akakumbuka hana meno, akarudisha leso haraka. Mimi mtu wa darasa la sita na nusu, yule mama alinigusa moyoni.

Ijumaa mvua ikanyesha mpaka mto ukapanda ukabeba ule ubao wetu. Jumamosi watu walikuwa wanatoka kazini saa saba, na treni ya kuelekea Dandora ilikuwa inapita Makadara muda si mrefu baadaye. Kilonzo alikuwa amemaliza kusugua meno asubuhi hiyo. Aliyapuliza, akayaangalia kwa dirisha, akayalaza kwa pamba. Akaniambia haya ni ya mama wa kwetu, yachunge.

Makadara kulikuwa kumejaa. Nikatoa tairi, gadi akaja, nikamwambia ni mzigo, akaangalia ule mzigo una pedeli mbili na kengele, akasema weka. Nikaisukuma ndani nyuma ya magunia. Mkebe ulikuwa umefungwa kwa keria, mikono imejaa matope, nikajiambia nipanguse kwanza halafu nifungue. Honi ikalia. Nikakimbilia behewa la abiria na tairi yangu.

Na hapo ndio mdomo ukafanya kazi yake. Mtu akaniuliza hiyo ni nini, nikamwambia ni usukani wa treni, dereva amenipa niushike kidogo. Watu wakacheka. Watu wakishacheka, mimi siachi. Nikawaendesha behewa zima mpaka Mutindwa, nikapiga kona, nikapiga breki, nikawauliza wanashukia wapi. Dandora nikashuka kama mfalme, watu wananipungia mkono kwa dirisha, na mimi nawapungia kwa tairi. Treni ikaanza kutembea. Nikapunga mpaka lile behewa la nyuma likanipita mbele ya macho, mlango uko wazi, na nikaona keria yangu, na mkebe juu yake, vinaenda zao Githurai.

Nilisimama pale na tairi moja, nikaona kabisa yule mama amekaa nyuma ya leso, na shemeji anakohoa kusafisha koo.

Kilonzo alikuwa amenifundisha kitu kimoja ambacho sikudhani kitanifaa: kule mbele reli ni moja, na treni ya kwenda lazima ingoje ile ya kurudi ipite. Wakati mwingine inangoja dakika kumi, wakati mwingine watu wanashuka wananunua mahindi wanakula wanamaliza. Na kutoka Dandora kwenda mbele, tofauti na upande wetu, kijia cha kando ya reli kilikuwa kimejaa kokoto, hakishiki matope. Kwa hiyo kilichonipungukia ni kitu kimoja kidogo. Baiskeli.

Hatua chache kutoka stesheni kulikuwa na fundi wa baiskeli chini ya mabati, Mkikuyu mnene aliyekuwa amekaa juu ya mtungi wa plastiki. Nyuma yake ilikuwa imening'inia baiskeli safi, imeng'aa, haina tairi ya mbele. Nilitaka kupiga magoti.

"Fundi, hiyo yako inataka tairi. Hii yangu inataka baiskeli."

"Hiyo ni ya mhubiri. Mkokoteni ulimkanyagia tairi. Anaichukua jioni."

"Ataikuta."

"Ataikuta na wewe uko Nakuru."

Nikamweleza habari ya meno, treni, mama, shemeji, mbuzi. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwa mbuzi. Akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza ni sawa, lakini yeye atamwambia mhubiri nini. Nikavua viatu nikamwekea. Akaviangalia, akaangalia sana kile cha kulia, akasema hivyo hata mwizi anaweza kuviacha. Nikaongeza shati na kitambulisho. Kitambulisho ndicho kilimshika. Akasoma jina, akanitazama kifua, akachukua spana.

Tairi yangu iliingia kana kwamba ilizaliwa pale. Nikatoka Dandora bila viatu na bila shati, kwa baiskeli ya mtumishi wa Mungu iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye madigadi TUBUNI. Watu wa mashamba ya Mwiki walikuwa wanasimama kunitazama. Mama mmoja aliacha jembe akasema amina. Sikuwa na nafasi ya kumweleza. Nilikanyaga mpaka pedeli zikanichoma nyayo, na kila nilipopanda kilima kidogo nilikuwa naangalia mbele kama kuna moshi.

Na treni nikaikuta. Imesimama, watu wako chini wanakula mahindi. Gadi alikuwa kwa mlango wa behewa la nyuma. Akaniangalia kutoka vidole vya miguu mpaka kichwa.

"Wewe si ndiye ulikuwa na shati?"

Nikamwambia naomba mzigo wangu. Akaniuliza nitathibitishaje ni wangu. Nikamwambia fungua huo mkebe, utakuta meno. Akafungua, akafunga haraka, akanipa vyote. Nafikiri mpaka anastaafu alikuwa akiwaambia watu habari yangu.

Sasa nilikuwa na baiskeli mbili na tairi tatu, na mikono miwili. Nikaiegemeza Black Mamba kwa muuza mahindi, nikamwomba anichungie, nitaifuata kesho. Nikafunga mkebe kwa kiuno changu na ule mpira wa tyubu, nikageuza TUBUNI, nikarudi Dandora, sikupumzika kwa fundi, nikapunga tu. Nilimsikia akiniita. Nikaingia Kariobangi jua linaegemea, mafundi wa jua kali wanagonga mabati, na nyumba ya Mama Nduku niliijua kwa viatu vingi vilivyopangwa mlangoni. Saa kumi ilikuwa imepita, tena sana.

Nikazunguka kwa jikoni. Nduku mwenyewe alinifungulia, akaweka kidole kwa mdomo. Kupitia pazia niliwaona wageni wamejaa viti, wazee na kina mama, na mezani sinia kubwa la nyama ya mbuzi. Hakuna aliyekuwa anakula. Mzee mmoja alikuwa anaitazama ile nyama kama mtu anayeagana na ndugu. Shemeji alikuwa amesimama katikati, jasho linamtoka, anasema jambo hilo limeshaongelewa, tule sasa, mengine ni ya vijana wenyewe.

Nikamnong'oneza Nduku kwamba najuta, nimechelewesha kila kitu. Akanijibu kwa sauti ya chini. Kwa desturi yao pande zote mbili, akasema, mama wa msichana ndiye anatafuna kipande cha kwanza. Akishameza, maneno yamefungwa, hayafunguliwi tena. Asipotafuna hakuna wa kutafuna. Nyama ilitoka motoni saa tisa. Mama yake akawaandikia kwa karatasi kwamba meno yake yako njiani, wavumilie. Shemeji akasema basi anywe supu tu itoshe. Wazee wa upande ule wakakataa, wakasema supu si kutafuna.

"Tangu hapo wamekaa," Nduku akasema. "Na kila wakiuliza meno yako wapi, mama anawaandikia swali moja: na shule ya mtoto iko wapi?"

Wakati huo Mama Nduku akainuka akaja jikoni, leso mdomoni. Akaniona, nimesimama pale kifua wazi na mkebe kiunoni. Nikaufungua nikampa. Akafungua kifuniko, akatazama ndani, akafunga.

"Umefika?" akauliza nyuma ya leso.

"Nimefika mama. Nisamehe."

"Hujafika bado." Akanirudishia mkebe. "Kaa hapo nyuma ya jiko, usikohoe."

Akarudi akaketi. Nilikaa nyuma ya jiko na meno yake mapajani, mimi mtu ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili, nikanyamaza. Hata tumbo langu liliponguruma, Nduku aliniangalia vibaya. Nje kelele za jua kali zikapungua, wanafunga kazi. Ndani shemeji akaongea tena, sauti imeshuka. Akasema mambo ya heshima. Akasema mambo ya marehemu. Mama Nduku alimtazama tu.

Mwisho ni yule mzee wa nyama aliyesimama. Ndiye alikuwa babu wa kijana, na nafikiri alikuwa ametoka kwao mapema bila kunywa chai. Akasema wao walikuja kuchukua mke, hawakuja kuchukua vitabu vya mtu. Akauliza hiyo shule imebaki miaka mingapi. Nduku akajibu kupitia pazia, mmoja na nusu. Mzee akamgeukia mjukuu wake akamuuliza unaweza kungoja mwaka mmoja na nusu? Kijana akasema anaweza. Mzee akasema basi, mimi siwezi kungoja hata nusu saa. Binti amalize masomo, akimaliza ndipo ahamie. Nani ana neno? Shemeji akafungua mdomo, wageni wote wakamgeukia kwa macho ya njaa, akaufunga.

Mama Nduku akaandika kwa karatasi: samahani kidogo, nadhani nimesikia mlango. Akaja jikoni. Nikampa mkebe. Akanipa mgongo, na alipogeuka, uso ulikuwa umejaa, mwanamke mwingine kabisa. Kazi ya Kilonzo ilikuwa safi.

Akanishika mkono, akaniingiza sebuleni vile nilivyo, akawaambia huyu ndiye mwenye kuleta meno, mmuone vile ametoka mbali. Wakaniangalia miguu, wakaniangalia kifua, na wale kina mama wakapiga makofi ya huruma. Mtu akanitupia shuka.

Halafu Mama Nduku akakaa. Akachagua kipande kikubwa, chenye mshipa, akakiweka mdomoni. Akatafuna upande huu, akatafuna upande huu, polepole, akimwangalia shemeji yake muda wote. Sinia lilikuwa limepoa zamani na hakuna aliyenyoosha mkono.

Akameza. Ndio tukala.